Kumbukumbu Isiyo na Mwenyewe: Ugunduzi wa Uvujaji katika Kiini cha Linux wakati wa Majaribio ya Mifumo ya Mafaili

Neno kuvuja, linapotumiwa kwa kumbukumbu ya kompyuta, humpotosha msomaji kabla hajaanza kusoma. Mtungi unaovuja hutoa maji nje. Anayetazama sakafu ataona unyevu na kujua pa kuziba. Kumbukumbu inayosemwa kuwa imevuja haikutoka popote. Imo mle mle ndani ya mashine, imeandikwa daftarini kuwa inatumika, lakini aliyeiomba amekwisha kuisahau, na hakuna njia iliyobaki ya kuifikia. Kifaransa, lugha ya masomo ya juu nchini Kongo, husema fuite, neno linalobeba maana ya maji kupenya pamoja na ile ya mtu kutoroka. Nalo halisaidii, kwa maana hapa hakuna kilichotoroka. Kiswahili kingeweza kusema kwa usahihi zaidi kumbukumbu iliyosahauliwa, ila kauli hiyo ingesikika kama mchezo wa maneno. Kwa hiyo neno uvujaji ndilo litakalotumika hapa, kwa sharti kwamba msomaji asitazame sakafuni.

Sharti hilo si la lugha peke yake. Ugumu wote wa kugundua uvujaji unatokana nalo: mtafutaji hatafuti kitu kilichokosekana, bali kitu kilichopo ambacho hakuna anayekikumbuka.

Kiini hakifi

Programu ya kawaida, iwe ya kuandikia barua au ya kutunzia hesabu, inapohitaji nafasi huiomba, na inapomaliza kazi hutakiwa kuirudisha. Isipoirudisha, hasara ina mpaka: siku programu hiyo inapofungwa, mfumo endeshi huchukua kila kilichokuwa mkononi mwake. Kiini, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia prosesa, kumbukumbu, diski na mitandao, hakina msimamizi wa namna hiyo. Chenyewe ndicho mgawaji na chenyewe ndicho mwombaji. Katika Linux, vipande ambavyo kiini hujigawia kwa kazi zake havihamishiwi diskini wakati wa uhaba, kama inavyoweza kufanyika kwa kumbukumbu ya programu za kawaida. Kipande kilichosahauliwa na kiini hubaki kimesahauliwa mpaka mashine izimwe.

Chukuliwe kosa dogo: baiti 512 zinasahauliwa kila faili linapofunguliwa. Seva inayofungua mafaili 1,000 kwa sekunde itapoteza baiti 512,000 kila sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 44 kwa siku moja. Kosa la kiasi hicho si la kuogopwa sana, kwa kuwa mashine itaelemewa siku hiyo hiyo na mhandisi atajua kwamba kuna jambo. La kuogopwa ni lile linalosahau baiti hizo hizo 512 mara 100 tu kwa dakika. Hapo hasara ni takriban megabaiti 74 kwa siku, na seva yenye gigabaiti 16 itafikisha miezi saba hivi kabla ya kukosa pumzi. Wakati huo aliyeandika msimbo amekwisha kusahau alichoandika, na jambo baya zaidi hutokea: kiini cha Linux, kikiishiwa kabisa, huchagua programu ya kuua ili kipate nafasi, na kwa kawaida uchaguzi huangukia programu inayoshika kumbukumbu nyingi. Mara nyingi hiyo ni hifadhidata, ambayo haikukosa lolote. Hivyo mwenye hatia huendelea kula, naye asiye na hatia hufa, na ripoti ya asubuhi humtaja marehemu.

Njia ya kushindwa

Mifumo ya mafaili, kama XFS, ext4 na Btrfs, ni shamba lenye rutuba kwa makosa haya. Kila jina la faili linalotafutwa, kila saraka inayosomwa, kila badiliko linaloandikwa kwenye daftari la miamala, huomba kipande cha kumbukumbu. Hata hivyo, uvujaji haukai sana kwenye njia hizo kuu. Njia kuu hukanyagwa mara mamilioni kila siku, na kosa lililopo hapo huonekana upesi. Uvujaji hupenda njia ya kushindwa.

Mfano wa kufikirika ni kupachika diski, kitendo cha kuifanya diski ionekane katika mti wa mafaili. Kiini huomba kipande cha kuwekea maelezo ya diski, halafu kingine cha kunakilia chaguo zilizoandikwa na mtumiaji, kisha hujaribu kusoma daftari la miamala. Ikiwa hatua ya tatu imeshindikana kwa sababu diski ni mbovu, vile vipande viwili vya kwanza sharti virudishwe, tena kwa mpangilio wa kinyume. Lugha ya C, ambayo kwayo sehemu kubwa ya kiini imeandikwa, haina mtumishi wa kufagia nyuma ya mwandishi. Mwandishi mwenyewe hutakiwa kukumbuka, katika kila mahali pa kutokea, ni vitu gani alivyokwisha kuviomba. Mwenzake akija mwaka unaofuata na kuongeza hatua ya nne katikati, orodha ya vitu vya kurudisha hubadilika, na pengine mahali pamoja pa kutokea pamesahauliwa. Mtumiaji ataambiwa kwamba diski haikupachikika. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Kilichobaki nyuma yake hakionekani katika jibu.

Hapa ndipo majaribio ya kujiendesha yanapoingia, na ndipo yanapokwama pia. Mkusanyiko wa majaribio unaotumiwa zaidi na wajenzi wa mifumo ya mafaili ya Linux huitwa fstests. Jina lake la zamani, xfstests, linaeleza asili yake: ulizaliwa kwa ajili ya XFS, mfumo ambao kampuni ya SGI ilianza kuujenga mwaka 1993 kwa mashine zake za IRIX, kisha mifumo mingine ikakaribishwa. Kila jaribio ni programu fupi yenye jibu lake lililoandikwa mapema. Programu kuu huliendesha, hulinganisha kilichochapishwa na kile kilichotarajiwa, huikagua diski kama imebaki nzima, na husoma kumbukumbu za matukio ya kiini kuona kama kuna kilio chochote. Majaribio kadhaa yametungwa mahsusi kwa njia ya kushindwa. Lile liitwalo generic/475, kwa mfano, hushughulisha mfumo wa mafaili kwa kazi nyingi kwa pamoja, kisha huiondoa diski ghafula chini yake na kuweka mahali pake kifaa bandia kinachojibu kosa kwa kila ombi. Baadaye diski hurudishwa, nao mfumo hutazamwa kama utajirekebisha. Mchezo huo hurudiwa tena na tena.

Ni jaribio zuri la kukanyaga njia zisizokanyagwa. Lakini jaribio linaweza kufaulu kikamilifu, diski ikakaguliwa na kukutwa salama, huku kiini kimesahau vipande mia. Jaribio hutazama jibu. Halitazami kilichoachwa njiani.

Udhaifu wa kuhesabu

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kupima kumbukumbu kabla ya jaribio na baada yake, kisha kutoa. Linux hutangaza hesabu hizo waziwazi, jumla na pia kwa kila aina ya kipande. Tatizo ni kwamba kiini kilichojengwa vizuri hakipendi nafasi tupu. Kikisoma saraka, hubaki na majina yake ili kisisome tena. Kikifungua faili, huweka maelezo yake karibu. Baada ya jaribio lolote kumbukumbu itakuwa imepanda, na kupanda huko ni afya. Inawezekana kukiamuru kiini kitupe akiba hizo kabla ya kuhesabu, na wapimaji hufanya hivyo, lakini mabaki hayakosekani: kuna vipande vinavyosubiri zamu yao ya kurudishwa, na aina za vipande zenye ukubwa unaolingana huenda zimeunganishwa katika fungu moja, hata hesabu ya mfumo wa mafaili ikachanganyika na ya majirani zake. Hesabu husema tu kwamba pengine kuna hasara. Haisemi ni ipi, wala nani aliyeisababisha.

Njia ya pili ni kali zaidi. Mfumo wa mafaili uliojengwa kama moduli unaweza kuondolewa kabisa kwenye kiini, na unapoondoka mafungu yake ya vipande huvunjwa. Fungu likikutwa bado lina kitu ndani, kiini hulalamika kwa sauti. Btrfs huongeza hesabu yake yenyewe: ikijengwa kwa ajili ya uchunguzi, hutunza orodha ya baadhi ya vitu vyake muhimu na kuvitaja vilivyosalia. Hukumu ya njia hii haina shaka, kwa kuwa moduli iliyoondoka haiwezi kuwa na mali. Lakini inakuja mwishoni, baada ya mamia ya majaribio, nayo haihusu vipande ambavyo moduli iliviomba kutoka kwenye mafungu ya wote.

Upekuzi wa yatima

Njia ya tatu ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Chombo chake huitwa kmemleak. Mtunzi wake ni Catalin Marinas, naye alikiingiza katika Linux toleo la 2.6.31, lililotoka Septemba 2009. Wazo lenyewe ni la kale kuliko Linux. Mwaka 1960 John McCarthy, alipoeleza lugha ya Lisp, alionyesha namna mashine inavyoweza kujua yenyewe nafasi zisizotumika: anza na vitu vinavyojulikana, fuata kila kielekezi kinachotoka humo, na kisichofikiwa ni takataka. Katika Lisp hilo ni rahisi kwa sababu lugha inajua kipi ni kielekezi na kipi ni namba. C haijui. Mwaka 1988 Hans Boehm na Mark Weiser walionyesha kwamba hata hapo kazi yaweza kufanyika kwa tahadhari, kwa kuichukulia kila namba inayofanana na anwani kana kwamba ni anwani kweli.

Ndivyo kmemleak inavyofanya. Kila kiini kinapogawa kipande, chombo hiki huandika pembeni anwani ya kipande, ukubwa wake, jina la programu iliyokuwa ikiendeshwa, wakati wa kugawiwa, na mfululizo wa miito ya msimbo iliyofikisha ombi hilo. Kipande kikirudishwa, maandishi hayo hufutwa. Wakati wa upekuzi ukifika, vipande vyote hupakwa rangi nyeupe, kwa maana ya kuwa vinashukiwa. Kisha kmemleak huanza na mizizi, yaani data za kudumu za kiini na rafu za kazi zinazoendelea, na kusoma neno baada ya neno. Neno likiangukia ndani ya mipaka ya kipande cheupe, hata katikati yake, kipande hicho hupakwa kijivu: kina mtu anayekikumbuka. Kisha chenyewe nacho husomwa, kwa kuwa huenda kinawakumbuka wengine. Mzunguko ukiisha, vilivyobaki vyeupe ni yatima. Hakuna mahali popote katika yaliyosomwa palipo na namba inayovielekea.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba unauliza swali lile lile ambalo neno kuvuja linalificha: si nafasi ngapi zimepungua, bali nani bado anakumbuka. Akiba kubwa ya majina ya mafaili haiwi shutuma, kwa kuwa kila jina limeshikwa na orodha yake. Kipande kidogo cha baiti 32 kilichosahauliwa katika upachikaji ulioshindikana kitatajwa pamoja na njia nzima iliyokileta.

Gharama ni kubwa. Kila ugawaji huandikwa, na kila upekuzi husoma sehemu kubwa ya kumbukumbu ya kiini. Kwa sababu hiyo chombo hiki hutumiwa kwenye mashine za majaribio, si kwenye seva za wateja. Tena maandishi yake yenyewe huhitaji nafasi. Ikikosekana, kmemleak hujizima na haiwezi kuwashwa tena mpaka mashine ianzishwe upya. Mpimaji asiyeangalia hilo ataona ukimya na kuudhania usafi.

Kuna pia makosa ya hukumu, ya pande zote mbili. Namba ya kawaida, au mabaki ya zamani kwenye rafu, yaweza kufanana na anwani ya yatima na kumficha. Kwa upande wa pili, kielekezi kinaweza kuwa, kwa kitambo kidogo, ndani ya rejista ya prosesa ambako upekuzi haufiki, au kiwe kimehifadhiwa kwa sura iliyobadilishwa. Hapo kipande kizima kabisa kitaitwa yatima. Ili kupunguza shutuma za uongo, kmemleak hutoa muhula wa aina mbili. Kipande kisichotimiza sekunde 5 tangu kugawiwa hakishtakiwi. Na kila kipande kinachoshukiwa hukokotolewa namba ya muhtasari kutokana na baiti zake. Ikiwa namba hiyo si ile ya upekuzi uliotangulia, yaani kuna mkono ulioandika humo, huachwa mpaka upekuzi ujao. Kipande kipya, ambacho hakijawahi kukokotolewa, huachwa vivyo hivyo.

Jaribio lipi lishtakiwe

Mihula hii ya huruma ndiyo inayoleta taabu pale kmemleak inapounganishwa na fstests. Kwa desturi chombo hupekua chenyewe kila dakika 10. Katika dakika 10 majaribio kumi na mengi zaidi yamekwisha kupita, na yatima atakayeonekana hana cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo fstests, mpimaji akichagua kuitumia kmemleak, kwanza huzima upekuzi wa kujiendesha, hutupa shutuma zote zilizokusanyika tangu mashine ilipowashwa, kisha huamuru upekuzi yenyewe kila baada ya jaribio moja. Huuamuru mara mbili, kwa kuwa mara moja haitoshi. Yatima akionekana, jaribio lililotoka kuisha huandikwa kuwa limeshindwa.

Lakini limeshindwa kwa haki? Majaribio mengi ya fstests huchukua sekunde moja au mbili. Kipande kilichosahauliwa na jaribio la namna hiyo hakijafikisha sekunde 5 wakati wa upekuzi. Kitaonekana baada ya jaribio linalofuata, au la tatu yake, nalo ndilo litakalobeba lawama. Watunzi wa fstests walilijua hilo. Ujumbe unaotangaza uvujaji hubeba onyo kwamba kosa huenda ni la jaribio la awali, au la kitu kisichohusika kabisa, nao hujitambulisha kuwa ungali wa majaribio. Ni unyenyekevu wa mahali pake. Mpimaji anayeyapuuza maneno hayo na kumpelekea mwandishi wa msimbo jina la jaribio tu, humtuma kupekua nyumba ambayo mwizi hakuwahi kuingia.

Kinachofaa kusomwa kwanza ni ripoti ya kipande chenyewe, si jina la jaribio. Mfululizo wa miito husema kama ombi lilitoka katika mfumo wa mafaili, au katika mtandao na vifaa vingine ambavyo vilikuwa vikiendelea na shughuli zao wakati huo huo. Jina la programu husaidia kidogo, ila kazi nyingi za mifumo ya mafaili hufanywa na watumishi wa ndani wa kiini, na hapo jina halimtaji aliyeagiza. Baiti 32 za mwanzo za kipande, ambazo ripoti huzichapa, wakati mwingine hubeba jina la faili au la diski, na shahidi huyo ni bora kuliko wote. Halafu kuna wakati wa kugawiwa, ulioandikwa kwa hesabu ya mapigo ya saa ya kiini. Kwa kuwa fstests huandika katika kumbukumbu za matukio ya kiini jina la kila jaribio linapoanza, mpimaji anaweza kuyageuza mapigo hayo kuwa saa na dakika, kisha kutazama ni jaribio gani lililokuwa uwanjani wakati huo. Mara nyingi si lile lililoandikwa kuwa limeshindwa.

Baada ya hapo shutuma hujaribiwa yenyewe. Jaribio linaloshukiwa huendeshwa peke yake, mara 20 mfululizo, kisha husubiriwa kwa zaidi ya sekunde 5, ndipo hupekuliwa mara mbili. Wakionekana mayatima 20 wenye mfululizo mmoja wa miito, hapana shaka tena. Akionekana mmoja tu, inaelekea kosa liko katika maandalizi ya mwanzo yanayofanyika mara moja, au katika mgongano wa nadra wa kazi mbili, na kazi bado ni ndefu. Asipoonekana hata mmoja, yafaa jaribio lililolitangulia liendeshwe nalo kwa mpangilio ule ule kabla ya kuliachia huru.

Yapo ambayo upekuzi huu hauyaoni hata ukifanywa kwa uangalifu wote. Kurasa nzima za kumbukumbu zinazoombwa moja kwa moja kwa mgawaji mkuu hazimo katika daftari la kmemleak, na mifumo ya mafaili huziomba kwa wingi. Vilevile kipande kilichobaki katika orodha ambayo hakuna msimbo utakaoisoma tena si yatima machoni pa chombo hiki: orodha inakielekea, basi kinakumbukwa, ingawa anayekikumbuka hana haja nacho. Kwa makosa ya aina hiyo wapimaji hurudi kwenye hesabu iliyodharauliwa hapo juu. Diski hupachikwa na kupachuliwa mara mia, akiba hutupwa, mafungu ya vipande huhesabiwa kabla na baada, na mwishoni moduli huondolewa ili fungu lenye mabaki lilalamike lenyewe. Idadi iliyoongezeka ikigawanyika sawasawa kwa mia, mahali pa kuanzia kusoma msimbo pamejulikana.